Kutaja Tusi Siko Kutukana

Katika kazi yangu ya isimu, ombi ninaloletewa mara nyingi na watu wanaotunga kanuni za mijadala ni kuwaandalia orodha ya maneno ya kupigwa marufuku. Sijawahi kukubali kuiandaa, kwa sababu naamini kwamba orodha ya namna hiyo huwaadhibu wasio na hatia na kuwapitisha wenye hatia.

Neno ni neno. Tusi ni tendo. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, alieleza kwamba msemaji hutamka maneno yenye maana, hutenda jambo kwa kuyatamka, kama vile kuonya, kuahidi au kutukana, na pia huacha athari kwa msikilizaji. Orodha huyaona maneno tu. Shahidi anayerudia mbele ya hakimu tusi alilotupiwa, mtunga kamusi anayelifafanua na mtu aliyelitupa wote wamelitaja neno lile lile, ilhali aliyetukana ni mmoja. Kijembe, kwa upande wake, humdhalilisha mtu kwa maneno safi kabisa, na hakuna orodha itakayokinasa.

Kesi inayonisaidia zaidi kulieleza jambo hili ni ya mwandishi wa habari wa Denmark, Jens Olaf Jersild. Aliwahoji vijana waliotoa kauli za kibaguzi, mahojiano yakatangazwa, naye akatiwa hatiani kwa kuwasaidia kuzieneza. Tarehe 23 Septemba 1994, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwa kura 12 dhidi ya 7 kwamba uhuru wake wa kujieleza ulikiukwa, kwa kuwa kipindi chake, kikitazamwa kwa ujumla, hakikuwa na lengo la kueneza ubaguzi. Vijana wenyewe hawakupewa kinga hiyo: Mahakama ilisema kauli zao hazikulindwa.

Huambiwa kwamba nia imo moyoni na haionekani. Ni kweli, lakini huacha alama: nani alisema, alimwambia nani, ana mamlaka gani juu yake, na je, aliendelea baada ya kuelezwa kwamba anaumiza? Mpango wa Rabat wa mwaka 2012, mwongozo wa wataalamu walioitishwa na Umoja wa Mataifa kuhusu uchochezi wa chuki, unataka yapimwe mambo sita: muktadha, msemaji, nia, maudhui na namna yalivyosemwa, upana wa kuenea kwake, na uwezekano wa madhara. Nia ni kimojawapo tu, na ndivyo inavyostahili kuwa. Aliyeumizwa ameumia hata kama msemaji hakukusudia, na kwa hilo anadaiwa kuombwa radhi. Lakini deni la radhi si sawa na kosa la kuadhibiwa, na kuchochea watu wadhuriwe ni jambo jingine kabisa, zito kuliko yote mawili.

Ninachokihofia zaidi katika udhibiti wa maneno ni kwamba mchochezi hubadilisha herufi moja akaendelea na shughuli yake, huku mtu aliyetukanwa, anapoandika neno kwa neno alivyoambiwa ili watu wajue na wajadili, ushahidi wake ukifutwa kabla haujasomwa na yeyote.