Kava ya chini ya injini si pambo

Ukibadilisha maunti za injini (vishikizo vya mpira vinavyoibeba) kule Grogan, eneo la gereji jijini Nairobi, huenda ukaambiwa ile kava ya plastiki ya chini haina kazi, gari litatembea tu bila hiyo. Litatembea, ndiyo. Lakini kava hiyo ndiyo huzuia maji na matope yasirukie mkanda na alteneta, na katika magari mengi husaidia kuelekeza hewa kwenye rejeta, inayopoza maji ya injini.

Basi irudishwe, tena vizuri. Boliti zote zianzwe kwa mkono kabla ya yoyote kukazwa, la sivyo matundu ya mwisho hayatalingana na fundi ataharibu nyuzi za boliti kwa kulazimisha. Klipu zilizovunjika zinunuliwe mpya. Fundi akifunga kwa kamba ya plastiki badala yake, karibu na bomba la moshi itayeyuka. Kabla hujalipa, chutama na tochi: ukingo wa mbele wa kava ukining'inia, upepo wa mwendo kasi wa Thika Road utaing'oa.