Sala ya Jioni ya Kianglikana si Masifu yaliyotiwa kinanda

Wapo wanaoiita ibada ya jioni inayoimbwa na kwaya za Kianglikana "Masifu ya Jioni yaliyotiwa kinanda", kana kwamba ni Masifu, sala ya jioni ya Wakatoliki, iliyoongezewa kinanda tu. Tuliweke sawa. Ni Sala ya Jioni ile ile ya Kitabu cha Sala, kitabu cha ibada cha Waanglikana, ila karibu yote inaimbwa: viitikio, zaburi, Wimbo wa Mariamu, Wimbo wa Simeoni, na wimbo wa kwaya baada ya kolekti, yaani sala fupi za siku. Maana yake ndiyo hiyo.

Kinachowachanganya watu ni nasaba. Masifu ni mzazi kweli, lakini mzazi mmoja kati ya wawili. Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, katika Kitabu cha Sala cha 1549, aliunganisha Masifu ya Jioni na sala ya watawa ya kabla ya kulala. Ya kwanza ilileta Wimbo wa Mariamu, ya pili ikaleta ule wa Simeoni. Kisha akazipanga nyimbo hizo: linasomwa Agano la Kale, anaitikia Mariamu, linasomwa Agano Jipya, anaitikia Simeoni. Kwenye Masifu, Mariamu hana mwenzake. Ndiyo maana watunzi wa Kianglikana, karne baada ya karne, wametunga nyimbo hizi mbili kama jozi.

Sikiliza jozi ya mtunzi Charles Villiers Stanford ya ufunguo wa G. Kwa Mariamu, kinanda kinakimbiza noti nyepesi zisizotulia (wengi husikia humo gurudumu la kusokotea uzi), na juu yake inapaa sauti moja nyembamba ya mtoto. Ukifika kwa Simeoni, solo inashuka kwa besi: mzee anaomba ruhusa ya kwenda zake. Ukiimba wa kwanza ukauacha wa pili, umepoteza nusu ya alichokusudia mtunzi.

Na hicho kinanda chenyewe si sharti. Makanisa makuu mengi ya Uingereza yana siku moja katika juma ambayo kwaya huimba bila ala yoyote, na ibada haipungui kitu. Kinapokuwepo, hakikai tu kushikilia sauti za waimbaji. Cranmer aligawa zaburi 150 kwa siku 30, na jioni ya tarehe 15 ni zamu ya Zaburi ya 78, aya zaidi ya 70, kwa tuni fupi inayorudiwarudiwa. Mpiga kinanda anayejua kubadili mlio inapofika mvua ya mawe ya Misri, na kuulainisha inaposhuka mana, huwasaidia watu wasisinzie.

Jina la Masifu lina wenyewe, nao wanalitumia vizuri. Hii iite Sala ya Jioni tu, kama kitabu chake kinavyoiita, na kama ni lazima uongeze neno, ongeza "ya kwaya", si "ya kinanda".