Limita ya fokasi: namba gani naweka na kwa nini

Limita ya umbali wa fokasi, yaani kizuizi kinachoiambia lenzi isitafute fokasi nje ya umbali uliouweka, ni kitu ambacho karibu kila mwenye lenzi ndefu anacho, iwe swichi pembeni ya lenzi au menyu ndani ya kamera, ila wanaoitumia ni wachache, na kati ya hao wengi wanadhani ukiiwasha picha zitatoka kali zaidi. Hapana jamani. Ukali hauongezeki hata chembe. Kinachopungua ni muda ambao lenzi inapoteza ikishapotea njia.

Nianze na hapo maana namba zote nitakazotaja zinatokea hapo. Kamera za mirolesi (zisizo na kioo cha kuakisi ndani) za sasa zinasoma fokasi moja kwa moja kwenye sensa, zikimpata ndege vizuri zinajua lenzi isogee upande gani na kwa kiasi gani, hamna kubahatisha. Balaa linaanza ndege akiwa nje ya fokasi kabisa mpaka kamera inaona ukungu tu, au ukilenga wingu jeupe lisilo na mstari wowote wa kushika. Hapo haijui pa kwenda, inaamua kutembeza vioo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine halafu inarudi, na wewe umeshikilia kitufe unaangalia supu.

Sasa hio safari haijagawanywa sawasawa. Chukua lenzi ya 300mm inayoanzia mita 1.4, kama M.Zuiko 300mm F4 ninayoifunga kwenye kamera yangu ya OM-1. Ukipiga hesabu ya lenzi ya darasani yenye kioo kimoja, kutoka infiniti (mbali kabisa) hadi mita 1.4 kioo kinatakiwa kisogee kama milimita 82. Ukiizuia isije karibu kuliko mita 4, safari inabaki milimita 24. Ukiizuia kwenye mita 12, inabaki chini ya 8. Lenzi halisi ina vioo kibao na inasogeza kikundi kidogo tu ndani kwa ndani, kwa hiyo milimita zenyewe sio hizo, ila mgao ndo huohuo: sehemu kubwa ya safari yote iko kwenye zile mita chache za mbele yako, ambazo ukipiga ndege kutoka kwenye boti wala huzihitaji.

Kwenye OM-1 inaitwa AF Limiter na iko kwenye kurasa za AF (otofokasi, fokasi inayojitafuta yenyewe). Una nafasi tatu za kuhifadhi, kila moja ina umbali wa karibu na umbali wa mbali, mwisho wake mita 999.9. Kabla ya yote, swichi ya kwenye lenzi iache kwenye umbali wote, kwa 300mm ni ile 1.4 hadi infiniti, maana ukiwa umeshaizuia lenzi kwa swichi yake, limita ya kamera haifanyi kazi, na watu wengi wanakwama hapohapo wanasema menyu mbovu. Halafu mpe kitufe kimoja kazi ya AF Limiter, usiiache ndani ya menyu. Ukikibonyeza inawaka na kuzima, ukikishikilia huku unazungusha daya (gurudumu la kamera) unachagua kati ya zile nafasi tatu. Bila kitufe utaitumia wiki ya kwanza tu.

Namba zangu sasa. Rubondo, kwenye Ziwa Victoria, furukombe wamejaa kwenye miti ya ufukweni, na boti mara nyingi inakaa nyuma ya matete na mafunjo. Ndege yuko mita 25, 40, 60, matete yako mita 3 au 4 kutoka kwenye lenzi na yanacheza na upepo, kila upepo ukipiga unyasi mmoja unapita katikati ya fremu. Nafasi ya kwanza kwangu ni mita 12 hadi 999.9. Unyasi ukipita kamera itataka kuufuata, inafika mita 12 inagonga ukuta, unyasi ukiondoka furukombe hayuko mbali kifokasi, anakuwa bado ni umbo linalosomeka, anakamatwa tena haraka. Bila limita lenzi ingeshaenda mpaka mita 3 na furukombe angekuwa doa la kahawia lisiloeleweka, na pale ndo anaamua kushuka kuchukua samaki.

Ila elewa, limita haimchagulii kamera nani wa kumtazama. Ukiweka eneo kubwa la fokasi na nusu yake ni matete, itaendelea kuyagombania matete mpaka kwenye ukuta na itabaki palepale ukutani. Pointi ndogo kwanza, limita baadaye.

Nafasi ya pili ndo inayonifanya nipende limita ya kamera kuliko ya swichi, kwa sababu swichi nyingi zinazuia upande wa karibu tu au zinakupa vipande viwili vilivyoamuliwa kiwandani. Yule mdiria mdogo mwenye mgongo wa buluu anakaa kwenye tete moja mita 6 hivi, nyuma yake maji yanang'aa na ng'ambo kuna msitu wenye mistari mizuri ya kuivuta kamera. Naweka mita 4 hadi 10. Akiruka, lenzi haikimbilii msitu, inamsubiri arudi kwenye tete lake, na wale huwa wanarudi. Usijaribu kubana zaidi, eti mita 5.8 hadi 6.2. Zile namba ni za makadirio tu, na 300mm kwenye F4 umbali wa mita 6 inakupa kama sentimita 5 za ukali, limita haiwezi kufanya kazi ya kiwango hicho, hio ni kazi ya otofokasi yenyewe.

Nafasi ya tatu ni ya mpira. Ukikaa nyuma ya goli, wavu uko kama mita 2 mbele yako na kipa kwenye mstari yuko kama mita 4. Hapo umbali wa karibu ni mita 3 tu, usiweke 6 kwa tamaa ya spidi, utamkosa kipa na kila vurugu ya kona. Kama macho hayajazoea kukadiria, uwanja wenyewe unakufundisha: nukta ya penalti iko mita 11 kutoka mstari wa goli.

Wenye Fujifilm, kwenye bodi (kamera bila lenzi) zenye AF Range Limiter kuna nafasi za tayari na ya kujipangia mwenyewe, na hio ya kujipangia inakuruhusu kuchagua vitu viwili ulivyonavyo mbele yako, kamera ibaki kati yake, huhitaji kujua mita. Hapo wamefikiria kweli. Sony 200-600 ina swichi ya vipande vitatu, mpaka wake ni mita 10. Canon RF 100-500 inakatia mita 3, ambayo kwa boti ni ndogo ila ni bora kuliko bure. Lenzi za makro, za kupigia vitu vidogo kwa karibu, zinageuza hesabu, pale unazuia upande wa mbali.

Kwenye menyu ileile ya AF Limiter ya OM-1 kuna Release Priority. Ikiwa imewashwa, shata inapiga hata kama fokasi haijashika ndani ya umbali ulioweka. Ndege anayeruka, naiwasha, katika mfululizo kuna fremu zitashika. Mdiria aliyetulia, naizima, sitaki kadi ya picha za ukungu.

Na siku lenzi ikigoma kabisa kushika kitu kilicho karibu, mgeni kwenye boti, chui aliyejitokeza pembeni ya gari, sauti ya mota ya lenzi haisikiki hata, bonyeza kile kitufe cha limita kwanza kabla ya kumtafuta fundi. Nimeletewa lenzi nzima kabisa ikiwa kwenye begi na barua ya kuiombea matengenezo.