Ruzuku ya kilimo haigawiwi kwenye bahasha

Kila Agosti, kwenye maonesho ya Nanenane pale Themi, Arusha, utasikia wakulima wakiulizia "hela za serikali" za kilimo. Imani hiyo ni ya siku nyingi: kwamba ruzuku ni pesa taslimu, na asiyeipata hana mtu wa kumshika mkono. Inaumiza, maana humkalisha mkulima akisubiri.

Tazama ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23. Mkulima anajiandikisha kijijini kwake, anataja ukubwa wa shamba na zao analolima, anapewa namba. Akifika nayo kwa wakala, analipia mfuko kwa bei iliyopunguzwa; tofauti serikali inamalizana na kampuni ya mbolea. Mkononi mwake haipiti hata shilingi. Anayekosa mara nyingi ni yule ambaye hakujiandikisha.

Ruzuku za uhifadhi wa ardhi nazo hazimwagwi. Marekani, ambako wengi hudhani pesa hugawiwa tu, wizara ya kilimo inatoa ruzuku za ubunifu katika uhifadhi tangu 2004. Mwombaji huandika mradi, hushindanishwa na wenzake, na kwa miaka mingi alitakiwa kuchangia cha kwake.

Mwenye shamba la mteremko kule Kibosho au Marangu asisubiri. Fremu A ya kupimia kontua, yaani mistari ya usawa mmoja inayokatiza mteremko, hutengenezwa kwa fito tatu, kamba na jiwe. Akishachimba matuta kwa kufuata mistari hiyo, apande majani ya tembo kwenye kingo: yanashika udongo, na ng'ombe wa zizini anapata chakula.