Kupoza kompyuta kwa maji: maana yake, na kwa nini barafu haifai Tanga

Kupoza kompyuta kwa maji ni kulichukua joto la prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, kwa maji yanayozunguka kwenye mipira, kisha kwenda kulitoa kwenye rejeta. Maji hayaigusi prosesa yenyewe. Juu yake hufungwa kibamba cha shaba chenye vijia vyembamba ndani, na katikati hupakwa grisi ya kupitisha joto. Pampu husukuma maji, feni hupuliza rejeta, maji yaliyopoa hurudi kwenye kibamba. Fundi wa magari hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Kwa nini maji? Kwa ujazo uleule, maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa. Prosesa inayokula wati 200, ikipitiwa na lita moja kwa dakika, huyapandisha maji hayo nyuzi 3 hivi tu. Ndiyo maana waliojitengenezea mfumo huu zamani walimudu kwa pampu ya tangi la samaki na rejeta ndogo ya hita ya gari kuukuu.

Lakini rejeta haiwezi kuyashusha maji chini ya joto la chumba. Wakati wa kaskazi, chumba cha Ngamiani chenye bati lisilo na dari kinaweza kupita nyuzi 32, na maji yataanzia hapo. Kwa kompyuta ya kuandikia barua na kuchapa risiti, sioni haja: futa vumbi kwenye feni, badilisha grisi, basi. Faida ipo kwenye mashine ya kuhariri video au ya magemu, ambayo ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe. Kelele nazo hupungua, maana rejeta pana hutosheka na feni zinazozunguka polepole.

Hapo ndipo mtu hushawishika kutia barafu kwenye tangi la maji ya mfumo. Mimi nasema hapana, na hasa si Tanga. Hewa ya pwani imejaa unyevu. Mpira na kibamba vikiwa baridi kuliko hewa hiyo vitatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na jasho hilo litadondokea mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba prosesa. Maji yenye joto la chumba hayana tatizo hilo.

Maji ya bomba yaache, ya kisima ndiyo kabisa: chumvi na madini huziba vijia vya kibamba. Tumia maji yaliyokenekwa, yaani ya mvuke uliopozwa ukawa maji tena. Kwenye maduka ya vipuri huuzwa kama maji ya betri, ila soma chupa uhakikishe si tindikali. Tia na dawa ya kuzuia mwani. Kosa la ghali zaidi ni kuchanganya metali: kibamba cha shaba na rejeta ya alumini kwenye maji yaleyale, alumini italika. Rejeta nyingi za magari ya siku hizi ni za alumini, kwa hiyo tafuta ya shaba, hata kama ni ya mtumba.

Kabla ya kuiwasha kompyuta, ipe umeme pampu peke yake, tandaza karatasi nyeupe chini ya kila kiungo, uache maji yazunguke saa 24. Karatasi ikilowa, kaza klipu uanze kuhesabu upya.