Pikapu ikimisi imesimama, weka kwanza pochi mfukoni

Wiki hii wamenijia watatu, kila mmoja na karatasi ya plagi mpya kutoka Kirinyaga Road, na wote watatu wana wimbo mmoja: "Fundi, ni plagi tu hizi, nifungie niende." Mmoja alikuwa ameongeza koili nane, zile za kuzalisha umeme wa cheche ya plagi. Pikapu yake ni Hilux iliyotiwa 1UZ, injini ya Lexus ya silinda nane, zile za mwanzo, ambazo zina koili mbili na distribyuta mbili za kugawa cheche, basi. Tulizipanga koili nane juu ya boneti tukabaki tunaziangalia.

Hiyo imani kwamba injini ikimisi, yaani silinda ikiruka mwako, dawa yake ni plagi ndiyo inayonichosha kuliko zote. Kwa gari ambalo halijaguswa tangu litoke kiwandani, sawa, anza na plagi. Lakini pikapu iliyong'olewa injini ikatiwa nyingine, paipu zikaungwaungwa, filta ya koni ikafungwa? Hapo mimi huuliza kwanza: inamisi saa ngapi? Plagi iliyochoka na koili yenye ufa hulalamika zaidi zikibebeshwa mzigo, kama unapanda kwenda Limuru umekanyaga mafuta, maana hewa ikishindiliwa sana ndani ya silinda cheche hupata taabu kuruka. Pikapu inayotetemeka ikisimama kwenye msongamano wa Mombasa Road, halafu ikatulia ukikanyaga, mara nyingi inavuta hewa ya wizi.

Injini ikinguruma taratibu, kipepeo cha throtoli kimefunga karibu kabisa na vakyumu ndani ya mnifoldi iko juu. Ufa mdogo tu kwenye paipu unaingiza hewa ambayo sensa haikuihesabu. Mafuta yanakuwa kidogo kwa hewa iliyopo, na silinda inaruka mwako. Ukikanyaga, hewa halali inaingia kwa wingi hadi ile ya wizi haina maana tena. Kama kompyuta ya gari lako ni ya OBD-II (mfumo wa kujichunguza, unaosomwa kwa mashine), ushahidi uko humo: marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza, yakisoma asilimia 20 juu gari likiwa limesimama, kisha yakashuka karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500, tafuta tundu.

Mahali pangu pa kwanza kwenye injini za kubadilishwa ni paipu ya busta ya breki (busta hutumia vakyumu ya injini kulainisha pedali), kwa sababu ile ya awali mara nyingi haifiki na mtu huiunga na chochote kilicho karibu. Ile ya koili nane nilibana paipu hiyo kwa koleo, injini ikatulia kama mtoto aliyepewa titi. Nikaachia, ikaanza tena. Ilikuwa imeungwa kwa kipande cha mpira wa redieta, na klipu moja haikukazwa hata kidogo. Mwenyewe hakusema neno, akaanza kukusanya koili zake. (Ukibana hivyo, bana gari likiwa limesimama, usiende nalo barabarani bila busta.) Wengine hupulizia petroli kwenye viungo wasikilize injini ikibadilika. Nimeona nyusi zikiungua. Mimi hutia moshi ndani ya mnifoldi na kungoja uchirizike nje.

Kuna na huyu wa geji ya vakyumu: amesoma inchi 13 (za zebaki), rangi kwenye geji inasema hatari, anataka injini ifunguliwe ringi za pistoni. Geji hiyo imechorwa kwa ajili ya usawa wa bahari, ambako injini nzima husoma inchi 17 hadi 22. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, na kila mita 300 unapoteza kama inchi moja. Kumi na tatu ikiwa imetulia bila sindano kurukaruka, funga boneti uende nyumbani.

Petroli ya bei ghali? Okteni huzuia injini kugonga ikiwa na mzigo. Gari lililosimama haligongi, hela yako imeenda.

Mwingine husema: "Ina kamshafti ya mbio, lazima itikisike." Kamshafti ni ule mhimili unaofungua valvu. Nusu kweli. Valvu zikifunguka pamoja kwa muda mrefu, moshi uliokwisha kuungua hurudi kuchanganyika na hewa mpya, na kompyuta inaweza kuandika kodi (namba ya kosa) P0300, yaani kumisi ovyo bila silinda maalum, bila kosa lolote. Lakini ikiandika P0304, ya silinda ya nne, kila siku, usinitajie kamshafti. Haiwezi kuchagua silinda namba nne peke yake.

Hapo, kama kila silinda ina koili yake, hamisha koili ya nne uipeleke ya pili, futa kodi, washa. Kodi ikihamia P0302, ya silinda ya pili, koili ndiyo mgonjwa. Ikibaki pale pale, rudisha koili, fanya vivyo hivyo na plagi. Ikihama nayo, haya, sasa niletee zile plagi zako.