Hakuna majibu ya kukremu ya mtihani wa urubani wa jeshi

Ile meseji imerudi tena kwa magrupu ya Kisumu na Kakamega, eti kuna PDF ya majibu ya mtihani wa uofisa na urubani wa jeshi, ukikremu umepita. Si kweli. Vipimo vya urubani huangalia vile jicho na mkono vinashirikiana, kumbukumbu, na kama unaweza kushughulikia mambo mawili pamoja na saa inakimbia, sasa hiyo utakremu aje? Kwa intavyuu wanataka kujua kama hiyo kazi unaielewa. Watu wanachanganyikiwa juu mazoezi ya mfano yapo kweli, na yanasaidia kuzoea kasi, lakini si mtihani wenyewe. Soma tangazo rasmi la usajili, linganisha na hiyo meseji, isipolingana usifowadi, haswa kama inaitisha pesa.